Safari ya Kurudi Leith: Filamu ya Mwendelezo na Hesabu za Umri wa Makamo

Wahenga walinena kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Methali hii imezoeleka mno katika insha na mijadala ya maadili, kiasi kwamba ni nadra mtu kusita akajiuliza iwapo ina kasoro yoyote. Sanaa ya filamu inao uwezo mmoja ambao methali hii haikuukadiria, nao ni uwezo wa kuuhifadhi moshi huo. Uso wa kijana uliopigwa picha hubakia vile vile katika ukanda, bila mvi wala kunyanzi. Miaka ishirini baadaye mwigizaji yuyo huyo huweza kurudi mbele ya kamera, akiwa mtu mzima aliyepungua nywele, ili amwigize mhusika yule yule. Hapo nyuso mbili za mtu mmoja hukutana, na mtazamaji aliyemjua kijana yule wa kwanza hawezi kukwepa kujitazama mwenyewe.

Makala haya yanadhamiria kueleza namna filamu ya mwendelezo, hasa ile inayotolewa baada ya muda mrefu, inavyomchochea mtazamaji wa umri wa makamo kuitafakari nafsi yake pamoja na matamanio aliyokuwa nayo ujanani. Mfano unaotumiwa ni T2 Trainspotting, iliyoongozwa na mwelekezi Danny Boyle na kutolewa mwaka 2017, ambayo ni mwendelezo wa Trainspotting ya mwaka 1996. Filamu zote mbili zimejaa lugha chafu na matukio ya kuudhi, na huenda msomaji mwenye staha akashangaa kwa nini zimechaguliwa. Sababu ni kwamba ni filamu chache zilizolikabili suala hili bila kumbembeleza mtazamaji.

Mwendelezo na Mwili wa Mwigizaji

Katika riwaya mhusika huzeeka kwa maneno tu. Mtunzi huandika kwamba miaka ishirini imepita, na msomaji hukubali. Katika filamu muda hauhitaji kutajwa, kwa sababu umekwisha kuuandika mwili wa mwigizaji. Mabega yameanguka, sauti imekuwa nzito, na hatua si nyepesi tena. Ndiyo maana filamu ya mwendelezo iliyochelewa ni tofauti kabisa na ile inayotolewa mwaka mmoja au miwili baada ya ile ya kwanza kwa nia ya kuvuna fedha wakati soko lingali moto. Hii ya pili huendeleza kisa, ilhali ile iliyochelewa huendeleza umri.

Mifano ya awali ipo. Paul Newman alimwigiza mchezaji wa biliadi, Eddie Felson, katika The Hustler ya mwaka 1961, kisha akamrudia mhusika huyo katika The Color of Money ya mwaka 1986, na kwa kazi hiyo ya pili akatunukiwa Oscar. Kijana aliyekuwa na kiburi cha kipaji alikuwa sasa mzee anayetafuta kijana wa kumfunza. Kwa upande mwingine ipo Top Gun: Maverick ya mwaka 2022, iliyotolewa miaka 36 baada ya Top Gun ya mwaka 1986. Humo rubani wa Tom Cruise amezeeka kwa jina tu. Bado ana pikipiki, bado ni hodari kuliko vijana wote, na mwisho hupata ushindi pamoja na mapenzi. Filamu hiyo inapendeza, lakini ni filamu ya kubembeleza. Humwambia mtazamaji wa miaka hamsini kwamba hakuna alichopoteza. T2 Trainspotting humwambia kinyume chake.

Ni vyema kutaja pia kwamba wazo la misukosuko ya umri wa makamo lina historia yake katika saikolojia. Elliott Jaques ndiye aliyelipa wazo hilo jina katika makala yake ya mwaka 1965, baada ya kuchunguza maisha ya wasanii. Alishikilia kwamba kiini cha misukosuko hiyo ni mtu kutambua kwa mara ya kwanza kwamba kifo chake mwenyewe ni jambo la hakika. Kabla yake, Erik Erikson alikuwa ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1950 kwamba mtu wa umri huo huvutwa na mambo mawili: kulea na kurithisha kitu kwa wale wanaokuja, au kudumaa. Mawazo haya mawili yanafaa kukumbukwa, maana wahusika wanne wa Boyle wanatembea juu ya mstari unaoyatenganisha.

Vijana wa Mwaka 1996

Trainspotting ya kwanza ilitokana na riwaya ya Irvine Welsh ya mwaka 1993. Mandhari yake ni Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, hususan Leith, mtaa wa bandarini wenye wafanyakazi na watu wasio na kazi. Katika miaka ya 1980 Edinburgh ilikumbwa na wimbi la heroini, na kwa kuwa watumiaji walishirikiana sindano, virusi vya UKIMWI vilienea kwa kasi ya kutisha. Huo ndio usuli wa kisa cha Mark Renton, aliyeigizwa na Ewan McGregor, na marafiki zake. Spud ni mpole asiye na hila, Sick Boy ni mrembo mwenye maneno matamu, Begbie hatumii heroini ila amelewa ugomvi, na Tommy ni mwanamichezo ambaye Renton ndiye aliyemwonjesha dawa hiyo, akafa kwa maradhi yatokanayo na UKIMWI.

Filamu hiyo hufunguka Renton akikimbia katika barabara ya Princes huku walinzi wa duka wakimfukuza. Sauti yake husikika ikiyadhihaki maisha ya kawaida: televisheni kubwa, mashine ya kufulia, gari, mkopo wa nyumba. Hufungwa kwa Renton kuwaibia rafiki zake pauni 16,000 walizopata kwa kuuza heroini jijini London. Humwachia Spud peke yake fungu lake la pauni 4,000, kisha huondoka akitabasamu na kuahidi kwamba sasa atayachagua yale yale aliyoyadhihaki. Ikumbukwe kwamba watazamaji wengi wa mwaka 1996 walikuwa vijana wa umri wake. Walilishangilia tabasamu lile. Walitoka kwenye kumbi wakiamini kwamba usaliti mmoja uliofanywa kwa wakati ufaao waweza kumkomboa mtu.

Miaka Thelathini ya Ziada

T2 hufunguka pia kwa Renton akikimbia, lakini safari hii anakimbia juu ya mashine katika ukumbi wa mazoezi. Hakuna anayemfukuza, wala hafiki popote. Ghafla huanguka. Moyo wake una hitilafu. Kinaya cha ufunguzi huu hakihitaji ufafanuzi kwa aliyeiona filamu ya kwanza, na asiyeiona hatakipata. Hii ndiyo mbinu kuu ya filamu nzima: kila tukio limeegemezwa juu ya kumbukumbu ya mtazamaji, na uchungu wake hutegemea jinsi mtazamaji mwenyewe alivyozeeka katikati ya filamu hizo mbili.

Renton amekuwa Amsterdam kwa miaka ishirini. Anarudi nyumbani, na katika uwanja wa ndege wa Edinburgh wasichana waliovalia mavazi ya Kiskoti wanamkaribisha nchini. Anapomuuliza mmoja wao anakotoka, anajibiwa kwamba ametoka Slovenia. Ni mzaha mdogo, lakini ndani yake mna swali zito kuhusu utambulisho. Huu mji anaodhani ni wake ni wa nani? Mama yake amekwisha kufa bila yeye kuwapo. Mezani kwa baba yake kivuli kinaangukia ukutani mahali mama alipokuwa akikaa. Chumba chake kingali na karatasi ya ukutani yenye picha za magari moshi, kana kwamba kijana aliyeondoka bado anasubiriwa.

Mwanzoni humdanganya Simon, yaani Sick Boy, kwamba ana mke na watoto wawili. Baadaye uwongo unamshinda. Ndoa imevunjika, watoto hana, kampuni anamofanyia kazi inaungana na nyingine, naye hana shahada itakayomkinga. Ana umri wa miaka 46. Kuhusu moyo wake anaeleza kwamba madaktari wamemwekea kijibomba mshipani na kumhakikishia kwamba anaweza kuishi miaka thelathini zaidi. Lalamiko lake ni la ajabu. Angeambiwa ana miaka miwili au mitatu, angejua la kufanya nayo. Thelathini ndiyo inayomtisha.

Jaques alifikiri kwamba mtu wa makamo huogopa kufa. Renton anaogopa kuishi, na pengine hapa filamu imeona mbali kuliko nadharia. Tamaa ya ujana ilikuwa ya kutoroka, nayo ilitimia. Aliyetimiziwa tamaa ya kutoroka hubaki bila kielekezi, kwa sababu hakuwahi kuamua anakwenda wapi. Hapo ndipo mtazamaji mwenye kazi nzuri na nyumba ya mkopo hujikuta akitikisika, ingawa hajawahi kuigusa heroini.

Saa Moja ya Spud, na Miaka Mia Tatu ya Wengine

Spud, aliyeigizwa na Ewen Bremner, anapewa sehemu mojawapo bora zaidi. Katika Uingereza saa husogezwa mbele kwa saa moja kila mwezi Machi, na kurudishwa Oktoba. Desturi hii haipo katika nchi za ikweta ambako mchana hauongezeki wala kupungua kwa kiasi cha kujali. Spud hakujua kwamba saa zimesogezwa. Akachelewa kazini, akafutwa. Akachelewa katika ofisi ya misaada. Akachelewa kumwona mtoto wake. Kila mahali alikuwa nyuma kwa saa moja, na saa hiyo moja ikamrudisha kwenye heroini. Mtazamaji hucheka, kisha hunyamaza. Wapo watu ambao maisha yao yote yamekuwa hivyo, wamechelewa kwa saa moja tu, na hakuna aliyewaambia kwamba saa zimebadilishwa.

Renton anamkuta Spud akijaribu kujiua, anamwokoa, na badala ya shukrani anapokea lawama. Zile pauni 4,000 alizomwachia zamani zilikuwa kosa, kwani alimpa mraibu fedha akitarajia nini? Kitendo ambacho mtazamaji wa mwaka 1996 alikihesabu kuwa wema pekee wa Renton kimegeuka kuwa dhambi nyingine. Filamu ya mwendelezo ina uwezo huu wa kikatili: huifungua upya ile hesabu iliyodhaniwa kufungwa.

Simon, aliyeigizwa na Jonny Lee Miller, amerithi baa ya shangazi yake isiyo na wateja, naye huishi kwa kuwatoza watu fedha kwa vitisho vya kuwaaibisha. Ni jambo la kuvutia kwamba katika filamu hii huitwa zaidi kwa jina lake halisi kuliko kwa lakabu. Lakabu ilikuwa vazi la ujana, na sasa limembana. Mradi wake mkuu ni danguro lililopewa sura ya biashara halali, na fedha za kulianzisha, pauni 100,000, yeye na Renton wanaziomba kutoka kwa mfuko wa maendeleo wa Umoja wa Ulaya. Filamu ilipigwa mwaka 2016, mwaka ule ule Waingereza walipopiga kura ya kujiondoa katika umoja huo. Bila shaka waandishi hawakuupanga mgongano huo, lakini umeipa filamu ladha ya pekee.

Kipo kisa kimoja cha kuchekesha ambacho wahakiki wasingepaswa kukipita haraka. Renton na Simon wanaingia katika klabu ya Waprotestanti wenye msimamo mkali ili kuwaibia kadi za benki. Wanajua hawatahitaji kuulizia namba za siri. Wanachama wengi wametumia 1690, mwaka wa vita vya Boyne ambavyo mfalme William wa Tatu alimshinda James wa Pili. Wakishikwa shaka, wawili hao wanalazimika kubuni wimbo wa kuusifu ushindi huo, na ukumbi mzima unaimba kwa furaha. Wezi wanawacheka wenyeji kwa kuishi katika mwaka uliopita zaidi ya karne tatu nyuma. Hawatambui kwamba nao wanaishi katika mwaka 1996. Kijana wa kike kutoka Bulgaria, Veronika, ndiye anayeliona hilo. Anastaajabu kwamba kwao watu hujitahidi kusahau yaliyopita, ilhali hawa hawana mazungumzo mengine.

Shutuma kali zaidi inatoka kinywani mwa Simon. Wamekwenda nyanda za juu kumkumbuka Tommy, na Simon anamwambia Renton kwamba amekuja kama mtalii tu, mtalii katika ujana wake mwenyewe. Renton naye humkumbusha mtoto wa Simon aliyefariki katika nyumba yao ya ulevi bila kuangaliwa. Mandhari ni ya kupendeza, milima na anga pana, na wanaume wawili wanarushiana maiti. Hapo hamu ya zamani huvuliwa utamu wake wote. Anayeukumbuka ujana kwa raha hulazimika kuchagua nani wa kumkumbuka na nani wa kumsahau.

Hotuba Iliyogeuka Toba

Katika mkahawa, Veronika anamwomba Renton amweleze maana ya ile kaulimbiu ya kuyachagua maisha. Renton anaeleza kwamba ilitokana na kampeni ya kupinga dawa za kulevya ya miaka ya 1980, kisha anaanza kuipanua kama alivyofanya zamani. Mwanzoni anadhihaki mitandao ya kijamii na ajira zisizo na uhakika wa saa za kazi. Kidogo kidogo dhihaka inamgeukia. Orodha inaacha kuwa ya bidhaa, ikawa ya wapendwa waliopotea na matumaini yaliyofifia. Hii ni uzungumzinafsia katika vazi la hotuba. Mwaka 1996 orodha ilisemwa na mtu ambaye hakuwa amechagua kitu, na hivyo aliweza kuvicheka vyote. Mwaka 2017 inasemwa na mtu aliyekwisha kuchagua.

Nje ya filamu pia palikuwa na hesabu iliyohitaji kufungwa. Boyle na McGregor, waliofanya kazi pamoja katika filamu tatu, walitengana kwa miaka mingi baada ya Boyle kumpa Leonardo DiCaprio nafasi ya uhusika mkuu katika The Beach ya mwaka 2000. Walipatana kabla ya T2. Kwa hivyo kisa cha rafiki aliyesaliti na kurudi kilifanywa na watu walioijua ladha yake.

Hata hivyo, filamu ina udhaifu. Diane, msichana wa shule katika filamu ya kwanza, sasa ni wakili. Yeye ndiye aliyefika alikotaka kufika. Anapewa dakika chache tu, na zaidi anazitumia kumtania Renton kwamba Veronika ni mdogo mno kwake. Ni kana kwamba umri wa makamo ni tatizo la wanaume pekee, na mwanamke aliyefanikiwa hana cha kusimuliwa.

Anayeandika

Begbie, aliyeigizwa na Robert Carlyle, ametoroka gerezani baada ya miaka ishirini akiwa na nia ya kulipiza kisasi. Anamchukua mwanawe wizini, maana huo ndio ufundi pekee alio nao wa kurithisha. Kijana hataki. Anataka kusomea usimamizi wa hoteli. Hatimaye Begbie anafanya jambo ambalo hakuna aliyeliona mwaka 1996 angelitarajia: anamkumbatia mwanawe na kukiri kwamba kijana atakuwa mtu bora kuliko yeye na kuliko baba yake. Jina la filamu, linalohusu watu wanaopoteza muda kuandika namba za magari moshi, hupata maana yake hapa. Begbie anamkumbuka baba yake, mlevi katika kituo cha reli kilichoachwa huko Leith, akiwauliza vijana kwa mzaha kama wamekuja kutazama magari moshi, mahali ambapo hakuna gari moshi linalopita.

Begbie analikumbuka hilo kwa sababu ya maandishi ya Spud. Yule aliyedharauliwa na wote, kwa kuhimizwa na Veronika, ameanza kuandika visa vya ujana wao katika vikaratasi vingi alivyobandika ukutani. Mtazamaji hutambua polepole kwamba anachokiandika ndicho kile kile kilichokuja kuwa Trainspotting. Wenzake watatu wanataka kuurudia ujana: mmoja kwa biashara haramu, mmoja kwa kisasi, mmoja kwa utalii. Spud peke yake anausimulia, na kwa kuusimulia anatoka ndani yake.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hataliona jambo hili kuwa geni. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, aliiandika tawasifu yake kwa sehemu mbili, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Anwani ya sehemu ya pili imesimama juu ya kizingiti kile kile ambacho Renton anakiogopa. Naye hakupewa miaka thelathini ya ziada. Alifariki mwaka 1962, akiwa na miaka 53. Tofauti kati ya mwendelezo wa filamu na mwendelezo wa tawasifu ni kubwa, lakini zote mbili huanzia katika kukubali kwamba aliyeishi nusu ya kwanza na anayeisimulia si mtu mmoja kikamilifu.

Veronika anaondoka na pauni zote 100,000 kurudi kwao Bulgaria kwa mtoto wake, akisaidiwa na Spud, bingwa wa kughushi sahihi. Begbie anarudishwa gerezani akiwa amefungiwa ndani ya buti la gari. Renton anarudi nyumbani na kumkumbatia baba yake, kisha anapanda hadi chumba chake chenye magari moshi ukutani. Alipofika mara ya kwanza aliweka sahani ya santuri, ile ya wimbo uliofungua filamu ya mwaka 1996, akaiondoa sindano mara tu sauti ilipoanza, kana kwamba imemchoma. Safari hii anaiacha icheze, na anacheza ngoma peke yake, kwa miguu ya mtu wa miaka 46.